Nia ya Kubaki

Mkono wa kulia juu, niliapa
kutafsiri yote, nisiongeze hata pumzi yangu.
Basi haya ni makombo yaliyobaki mdomoni
Jumanne ile, mjini Rock Island, jimbo la Illinois,
theluji ikiwa imeshageuka tope kwenye ngazi za mahakama.

Kesi yenyewe ni fupi.
Lori la barafu lilipita taa nyekundu
likaukuta mguu wa Nyassa Etabo.
Mguu sasa una vyuma saba.
Dola zinazodaiwa zinazidi elfu sabini na tano,
hilo halina ubishi.
Ubishi ni wa godoro.

Mahakama ya shirikisho, kwa kesi kama hii,
huwafungulia mlango wageni kwa wageni:
mdai wa jimbo hili, wadaiwa wa majimbo mengine.
Mdaiwa mmoja tu akiwa wa jimbo moja na mdai,
mlango unafungwa,
kesi inarudi mahakama ya jimbo, mtaa wa pili,
pale Nyassa alipoipeleka tangu mwanzo,
mbele ya watu wanaoijua taa ile.

Kampuni ilizaliwa Delaware, kwenye karatasi,
na ubongo wake uko Iowa, ng'ambo ya mto.
Kampuni ina kwao kuwili na hakuna aliyecheka.
Dereva je?
Wilondja Asukulu, aliyepanga foleni ya mahindi
pamoja na Nyassa kambini Nyarugusu,
ana godoro Davenport, sakafuni kwa binamu,
tangu Oktoba,
tangu mkewe abadilishe kitasa.

"Analala Iowa," alisema Bwana Lindqvist wa kampuni,
akiikunja miwani, "basi ni mtu wa Iowa."

Ndipo jaji akalitoa lile neno
nililokuwa nikiliogopa tangu chai ya asubuhi.
Makazi? Makazi ni paa tu.
Maskani? Hata njiwa wa darajani ana maskani.
Nikazunguka njia ndefu:
"Ni wapi unapokaa kwa nia ya kubaki,
na ukitoka, wanuia kurudi?"

Nia.
Kwetu Ujiji nia huitangulia swala.
Sikujua kwamba huku huitangulia na kesi.

Wilondja alimeza mate. Feni ya hita ilikuwa ikikoroma.
"Mheshimiwa," alisema, nami nikasema,
"Fizi nilikaa kwa nia ya kubaki.
Kambini nilikaa miaka kumi na tisa, bila nia.
Hapa Rock Island wanangu wanasoma,
ngoma ya kwaya iko hapa, nimeiacha stoo ya kanisa,
leseni yangu ni ya hapa.
Godoro liko kule.
Mimi sijanuia."

Nikatafsiri. Sauti yangu ilitetereka mahali pamoja,
kwenye kumi na tisa; naomba radhi kwa kiapo.

Nyassa alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza.
Amemshtaki mtu huyu
na anamwombea awe jirani yake.
Hilo sikulitafsiri. Hakuna aliyeuliza.

Jaji hakwenda hata kunywa maji.
Mtu, alisema, hapotezi kwao kwa kuhamisha usingizi;
kwao kwa zamani kunamshika
mpaka anuie kwingine.
Irudi jimboni.
Lindqvist alifunga jalada taratibu,
kama mtu anayefunika chungu ambacho hakijaiva.

Nje, mto Mississippi, ambao kwa kipande hiki
huiacha kusini na kwenda magharibi,
ulikuwa ukibeba mabamba ya barafu
bila kuuliza bamba lipi ni la ukingo upi.
Wilondja aliushika mlango, ule mzito wa shaba,
mgongo ukutani, macho chini.
Nyassa akapita: gongo kwanza, mguu baadaye.

"Asante, jirani," akamwambia.
"Sasa nitakushtaki vizuri."